Gari linachemsha kwenye foleni tu

*Fundi, gari langu dogo linachemsha kila nikikwama foleni ya Mbagala jioni. Nikipata barabara wazi, mshale wa joto unashuka wenyewe. Fundi wa mtaani anataka kutoa themostati. Nimruhusu?*
*Mama wa watatu, Dar es Salaam*

Usimruhusu kwanza, mama. Jibu karibu umelitaja mwenyewe: gari likitembea, upepo unapoza rejeta, likisimama, kazi hiyo ni ya feni, na yako huenda haizunguki. Washa gari likiwa limesimama, kisha washa AC. Kwa magari mengi feni inatakiwa kuanza kuzunguka muda mfupi baadaye. Ikibaki kimya, fundi wako aanze na fyuzi na rilei, vitu vya bei ndogo ambavyo mafundi wetu huviruka wakakimbilia kukuuzia mota ya feni. Themostati ikitolewa, injini itachelewa kupata joto lake na kula mafuta zaidi, na feni mbovu itabaki pale pale.

Mshale ukipanda barabarani, zima AC, washa hita hadi mwisho (utaloa jasho, lakini inanyonya joto la injini), kisha tafuta pa kuegesha uzime. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe kabisa. Maji ya moto yaliyomo yanaruka na kubabua uso. Ikishapoa ongeza kulanti, maji ya bomba yanaleta kutu.

Ukivuta kijiti cha oili ukaikuta kama chai ya maziwa, au maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, usiliendeshe tena. Hapo shaka inahamia kwenye gasketi ya silinda hedi. Liburuzwe hadi gereji.