Mradi hauanzi kwa jiwe la msingi

Ukizunguka katika miji yetu utakutana na majengo mengi yaliyoishia kwenye nondo. Simzungumzii mtu na nyumba yake, maana huyo ana hiari ya kujenga hata miaka ishirini, tofali kwa tofali. Nazungumzia madrasa, shule, zahanati na kumbi ambazo watu walichangishwa fedha, mgeni rasmi akaletwa, jiwe la msingi likawekwa, picha zikapigwa, kisha nyasi zikaota ndani. Ukiuliza sababu utaambiwa fedha ziliisha. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Ziliisha kabla ya kufikia wapi? Aghalabu hakuna karatasi hata moja inayoonesha jengo lilikusudiwa kuwa kubwa kiasi gani, ligharimu kiasi gani, na ni nani hasa aliyekabidhiwa mamlaka ya kulijenga.

Ipo elimu kamili inayohusu jambo hili, nayo ni usimamizi wa miradi. Wataalamu wake wana jumuiya yao, PMI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, na vitabu vyao hivi sasa vinasomeshwa katika vyuo vingi. Leo nitagusa sehemu yake ya mwanzo tu, yaani istilahi za msingi na namna mradi unavyoanzishwa rasmi. Ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha mitaani, mradi ni kitu chochote kinachomwingizia mtu fedha: mradi wa kuku, mradi wa daladala, mradi wa maandazi. Wataalamu hawasemi hivyo. Kwao mradi ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, inayofanywa ili kuleta kitu mahsusi ambacho hakikuwepo. Kujenga banda la kuku ni mradi. Kuuza mayai kila asubuhi si mradi, ni uendeshaji. Vivyo hivyo kujenga madrasa ni mradi, lakini kusomesha humo, kumlipa ustadhi na kununua chaki ni uendeshaji.

Msomaji anaweza kudhani huku ni kuchezea maneno. Hebu na atazame daftari la kamati yoyote ambayo haikutenganisha mambo haya mawili. Atakuta fedha za saruji zimelipia umeme, na fedha za mshahara zimenunua mabati. Mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema ujenzi umetumia kiasi gani, na kwa hiyo hakuna awezaye kusema umebakiza kiasi gani.

Istilahi ya pili ni mwenye mradi. Huyu ni mtu au chombo kinachoutaka mradi, kinachotoa au kutafuta fedha zake, na chenye kauli ya mwisho. Nimelikwepa neno mdhamini kwa makusudi, kwa kuwa katika taasisi zetu wadhamini ni wale walioandikishwa kushika mali, na si lazima wawe ndio wenye mradi. Halafu yupo meneja wa mradi, ambaye ndiye anayeuendesha siku hadi siku. Mwenye mradi na meneja hawapaswi kuwa mtu mmoja. Mwenyekiti anayejipangia kazi, anayejilipa na anayejikagua hata akiwa mwaminifu kuliko wote, hana wa kumwambia kuwa amekosea hesabu.

Wapo pia wadau. Neno hili limetumika mno kwenye semina hadi limechosha, lakini maana yake ni nzito: kila anayeguswa na mradi, awe anaupenda au anauchukia. Jirani ambaye maji ya mvua yataelekezwa kwake ni mdau, hata kama hakuchanga senti tano. Asipoulizwa mwanzoni, atajitokeza baadaye akiwa na zuio la mahakama mkononi.

Istilahi ninayotaka tuikalie zaidi ni mawanda. Mawanda ya mradi ni mipaka ya kazi, yaani nini kimo na nini hakimo. Nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kamati huandika "tutajenga madrasa yenye vyumba vinne", lakini haiandiki kwamba uzio, kisima na nyumba ya mwalimu havimo. Basi anakuja mtu mwenye nia njema anashauri kisima, mwingine anasema kwa nini tusipandishe ghorofa, na kila mmoja anaitikiwa kwa sababu kukataa kheri ni vigumu. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini unabebeshwa ghorofa. Mawanda yamepanuka ilhali bajeti na ramani viko pale pale.

Hayo hayawapati maskini peke yao. Chukua jumba la sanaa la Sydney, Australia, lile lenye mapaa mfano wa matanga ya jahazi. Mchoro wake ulishinda mashindano ya mwaka 1957, na mchoraji alikuwa Jørn Utzon, raia wa Denmark. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na likusudiwa kumalizika Januari 1963. (Sehemu kubwa ya fedha zake ilitokana na bahati nasibu ya serikali, jambo ambalo sisi tunalo la kusema, lakini si leo.) Waziri Mkuu wa jimbo, Joe Cahill, alihofia kuwa upepo wa siasa ungegeuka na mradi ukafutwa, hivyo akashinikiza ujenzi uanze haraka. Ukaanza Machi 1959, wakati hakuna mhandisi aliyekuwa anajua mapaa yale yatasimamaje. Namna ya kuyajenga ilipatikana baada ya miaka kadhaa, na ilipopatikana ikabainika kuwa nguzo zilizokwisha kujengwa haziwezi kubeba uzito wake. Zikabomolewa, zikajengwa upya. Serikali nayo ikawa inabadilisha matakwa yake kuhusu kumbi za ndani. Mwaka 1966 Utzon alijiuzulu baada ya kugombana na serikali mpya, akarudi kwao. Jumba likafunguliwa Oktoba 1973, limechelewa miaka kumi, na limegharimu dola milioni 102.

Watetezi wa Sydney husema jumba ni zuri na sasa linajulikana dunia nzima. Ni kweli. Lakini jimbo lile lilikuwa na uwezo wa kulipa mara kumi na nne ya makadirio. Kamati ya mtaa haina uwezo wa kulipa hata mara mbili.

Sasa tuje kwenye kuanzishwa rasmi. Kitaalamu mradi hauanzi siku ya jiwe la msingi, wala siku ya mchango wa kwanza. Unaanza siku mwenye mradi anapotia saini waraka unaoitwa hati ya kuanzisha mradi. Hati hii inafanya mambo mawili makubwa: inautambua mradi kuwa upo, na inampa meneja mamlaka ya kutumia watu na fedha kwa ajili yake. Ndani yake huandikwa kwa ufupi sababu ya mradi, kitu kitakachokabidhiwa mwishoni, mawanda, makadirio ya gharama, hatua kuu na tarehe zake, hatari zinazoonekana tangu sasa, na majina ya wenye kauli. Si kitabu. Kwa jengo la mtaa, kurasa mbili au tatu zinatosha.

Kabla ya hati kuna upembuzi yakinifu. Hapa ndipo panapoulizwa kama kitu kinawezekana na kama kinafaa. Kiwanja kina hati ya nani? Udongo unabeba nini? Watoto wapo? Upembuzi wa kweli ni ule unaoweza kutoa jibu la hapana. Kama kila aliyetumwa kuchunguza alijua mapema kwamba ataleta jibu la ndiyo, huo haukuwa uchunguzi.

Mfano mzuri tunao hapa hapa nyumbani, nao ni reli ya TAZARA. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli hiyo hailipi. Mwaka 1966 uchunguzi wa Waingereza na Wakanada ukasema inawezekana. Kwa vile Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitishia shaba yake, na haja hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mradi. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano mjini Beijing. Angalia kilichofuata: jiwe la msingi halikuwekwa mwezi uliofuata. Wapimaji waliingia porini kwanza, ramani zikachorwa, mazungumzo yakaendelea, na Julai 1970 ndipo masharti ya mkopo yakakamilishwa, yuan milioni 988 zisizo na riba, za kulipwa kwa miaka thelathini. Jiwe la msingi liliwekwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, miaka mitatu baada ya makubaliano ya kwanza. Reli ya kilomita 1,860, yenye mahandaki na madaraja mamia, ikakabidhiwa Julai 1976, kabla ya muda uliopangwa.

Hata mawanda yake yanafundisha. Iliamuliwa upana wa reli uwe milimita 1,067 ili mabehewa yaingie moja kwa moja katika reli za Zambia, ingawa Reli ya Kati ya Tanzania ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwani mizigo baina ya reli hizo mbili haikuweza kupita bila kuhamishwa. Lakini ulikuwa uamuzi, umefanywa na wenye kauli, ukijulikana unapata nini na unapoteza nini. Na matatizo yaliyoikumba TAZARA miaka ya baadaye, ya madeni, vichwa vya treni vibovu na mizigo kupungua, hayakuwa matatizo ya mradi. Mradi ulikwisha 1976. Hayo ni ya uendeshaji, na ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kuwa tofauti hii si kuchezea maneno.

Najua wapo watakaosema kuwa huu ni urasimu, na kwamba kazi za kheri huenda kwa nia na kuaminiana. Hoja hii huisikia sana, na huwa inatolewa na watu wema. Lakini Qur'ani imeamrisha deni liandikwe, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, na waliohutubiwa hapo ni wenye imani. Mama muuza vitumbua aliyetoa elfu mbili zake hakuzitoa ili zitumike vyovyote. Alizitoa kwa ajili ya madrasa ya vyumba vinne. Asipoandikiwa hivyo, baada ya miaka mitatu hatakuwa na pa kushika atakapouliza.

Kwa hiyo kamati inayokusudia kuchangisha na ianze kwa kuandika hati hiyo, isomwe mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa, ibandikwe ukutani, na nakala ikae kwa wadhamini. Atakayetaka kuongeza kisima aruhusiwe kuomba, ila ombi lake liandikwe pamoja na gharama yake na chanzo cha fedha, na mwenye mradi atie saini ya kukubali au kukataa. Na upembuzi ukionesha kuwa mtaa una madrasa mbili zenye nafasi na hauna watoto wa kujaza ya tatu, basi hati isiandikwe kabisa, na wachangaji waambiwe hivyo kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa.