Lushoto: Kupanda Milima na Kutafuta Ukoo

Kama babu yako aliteremka kutoka Usambara kwenda kufanya kazi kwenye mkonge na hakurudi tena, wikendi moja Lushoto, huko huko Usambara, inaweza kukufungulia mengi. Usianze na makaratasi. Anza kwa miguu, kwa sababu makaburi ya ukoo, mashamba na wazee wanaojua mipaka yake wako huko juu vijijini.

Basi la Moshi au Arusha litakushusha Mombo. Hapo utapata gari la kupanda mlima kupitia Soni, kilomita 33 hivi za kona. Beba sweta: Juni na Julai baridi ni kali. Masika njia huteleza, hivyo chukua mwongozaji wa hapohapo.

Jumamosi asubuhi tembea hadi Irente. Ukiwa kwenye ukingo wa jabali unaiona Mazinde chini kabisa, alikotawala Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, na nyika inayoendelea hadi macho yachoke. Kimweri mwenyewe alitawala kutoka Vuga, karibu na Soni. Mwenye asili ya Wakilindi, ukoo wa watawala hao, asome kwanza Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Ni kitabu cha thamani kubwa, ila kinasimulia watawala. Mkulima wa kawaida utamtafuta kwingine.

Utamtafuta kwa wazee. Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akupeleke. Ukishakaribishwa, usimuulize bibi alizaliwa mwaka gani. Muulize: wakati watu wanalazimishwa kuchimba matuta, ulikuwa umeshaolewa? Kazi ile ya matuta ya wakati wa ukoloni, miaka ya 1940 na 1950, iliwakera Wasambaa kiasi kwamba aliyeiona haisahau, na jibu lake litakupa umri wa nusu ya ukoo. Uliza pia jina la ukoo wa mama. Wengi hulisahau, na mara nyingi ndilo linalofungua njia.

Jumapili nenda Mlalo, ambako misheni ya Kilutheri ilianza mwaka 1891. Ibada ikiisha, watu hubaki uwanjani kwenye mnada wa sadaka. Nunua mkungu wa ndizi, salimia, taja ukoo wako. Kabla kuku wa mwisho hajauzwa utakuwa umeshaonyeshwa shangazi. Daftari za ubatizo omba mapema kwa mchungaji, si siku hiyo, kwani ana shughuli. Katika maandishi ya Wajerumani, majina yanayoanza na She yatafute pia kwenye Sche.

Familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi sana Lushoto, hazimo kwenye daftari hizo. Kaa na wazee msikitini baada ya alasiri, kisha Jumatatu ulizia mafaili ya mirathi mahakama ya mwanzo: humo warithi huandikwa kwa majina.

Ukimaliza kuchora mti wa ukoo, toa nakala uiache kijijini. Waliokusimulia nao wana wajukuu watakaouliza.