Silabi na Mkazo katika Maneno Ambatano: Kinorwei na Kiswahili

Tumekwisha kuona kwamba mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno ambatano nalo hufuata kanuni hiyo hiyo: *mwana* hutamkwa MWA-na, lakini katika *mwanasheria*, mwa-na-she-RI-a, mkazo huo hupotea. Ili mwanafunzi asidhani kuwa lugha zote hutenda hivyo, tutazame Kinorwei, lugha ya Norwei, ambayo huunda maneno ambatano kwa wingi na kuyaandika yameshikana.

Katika Kinorwei, kwa kawaida mkazo mkuu hukaa kwenye sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili hubaki na mkazo hafifu. *Barn* ni mtoto, *hage* ni bustani. *Barnehage*, yaani shule ya chekechea, hutamkwa BAR-ne-ha-ge. (Ile *e* ya katikati ni kiungo tu.) Mgawanyo wa silabi nao huheshimu mpaka wa maneno yaliyoungana: *isøks*, shoka la barafu, ni is-øks, wala si i-søks. Linalopendeza zaidi ni *nattog*, treni ya usiku. *Natt* na *tog* zingeleta *t* tatu. Tahajia hairuhusu, hivyo moja huangushwa. Lakini neno likikatwa mwishoni mwa mstari, *t* iliyoangushwa hurudi: natt-tog.

Mkazo huu si pambo. *Røykfritt*, lenye mkazo mkuu mmoja kwenye *røyk*, hutangaza kwamba mahali hapo hapavutwi sigara. Likitenganishwa, *røyk fritt*, kila neno hupata mkazo wake, na tangazo hugeuka kuwa ruhusa: vuta kwa uhuru!

Mkazo wa Kiswahili hauonyeshi mpaka huo ulipo, kwa kuwa huhesabiwa kutoka mwisho wa neno zima. Hata hivyo hutusaidia kuamua tahajia. Mwanafunzi aliyeandika "kipima joto" asikilizishwe: ki-PI-ma JO-to ina mikazo miwili, ki-pi-ma-JO-to ina mmoja, nacho ni chombo kimoja. Kwa maoni yetu, jaribio hili la sikio lina faida darasani kuliko orodha ndefu ya kukariri, mradi mwalimu mwenyewe asisome harakaharaka.

Zoezi: Gawanyeni silabi na kuonyesha mkazo katika *mwanahewa*, *kifunguakinywa* na *batamzinga*. Katika neno la mwisho, hesabuni *m* kuwa silabi kamili.