Vile Vijiwe vya Kijani si Mawe ya Nyongo

Maelekezo ya "kusafisha ini" yanayozunguka kwenye simu hufanana. Unakunywa juisi ya tofaa siku kadhaa, jioni ya mwisho unaacha kula, unakunywa chumvi ya haluli, kisha mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na maji ya limau, unalala. Asubuhi unaharisha, na chooni zinaonekana punje za kijani, nyingine kubwa kama harage. Unaambiwa hayo ndiyo mawe ya nyongo, yametoka bila kisu.

Wanaosema wameziona punje hizo hawadanganyi. Cha kuuliza ni zimetokana na nini, na jibu lilishapatikana maabara. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa Hamilton, New Zealand. Mwanamke wa miaka 40, ambaye ultrasound ilikuwa imemwonyesha mawe madogo kwenye mfuko wa nyongo, alikunywa mililita 600 za mafuta ya zeituni na mililita 300 za maji ya limau. Akapata punje zake, akazihifadhi kwenye friza na kuzipeleka kliniki. Zilipopashwa moto wa nyuzi 40 za Selsiasi, ambao umezidi joto la mwili kidogo tu, ziliyeyuka kwa dakika 10 zikawa uji wa kijani wenye mafuta. Hazikuwa na kolesteroli wala kalsiamu, vitu ambavyo mawe halisi huwa navyo. Robo tatu yake ilikuwa asidi za mafuta. Yaani mafuta aliyokunywa yalimeng'enywa tumboni, yakakutana na potasiamu ya limau, yakagandamana kuwa sabuni. Mawe yake halisi yalikuja kutolewa kwa upasuaji.

Basi mawe halisi hutoka wapi? Ini hutengeneza nyongo, maji ya kijani-manjano yanayosaidia kumeng'enya mafuta ya chakula. Sehemu yake huhifadhiwa kwenye mfuko wa nyongo, kifuko kidogo kilicho chini ya ini, upande wa kulia. Ndani ya nyongo mna kolesteroli, ambayo wengi huiita lehemu. Ni mafuta ambayo mwili hujitengenezea. Ikizidi, au mfuko usipojikamua vizuri, huganda kuwa chembe, na chembe hushikamana polepole hadi kuwa jiwe. Usichanganye jambo hili na lehemu ya kwenye damu: kipimo cha damu kikionyesha iko juu, hakijasema una mawe, na ikiwa sawa, hakijasema huna.

Mawe huwapata zaidi wanawake, hasa waliowahi kubeba mimba, watu wenye uzito mkubwa na waliovuka miaka 40. Anayekonda kwa haraka yumo pia, kwa hiyo kujinyima chakula kwa muda mrefu ili "kusafisha" kunaweza kuyaleta hayo hayo mawe. Iko aina nyingine, mawe meusi, yanayotokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Haya humpata mgonjwa wa selimundu hata akiwa mtoto mwembamba. Mzazi, mtoto wako mwenye selimundu akilalamikia tumbo mara kwa mara, mwulize daktari kuhusu mawe ya nyongo.

Je, kunywa mchanganyiko ule kuna madhara? Ndiyo, na hapa nakusihi usikilize. Mafuta mengi kwa mkupuo huufanya mfuko wa nyongo ujikamue kwa nguvu. Kama mna jiwe la kweli, linaweza kusukumwa likaziba mrija, na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, kikavimba vibaya. Haluli ina magnesiamu. Kwa mwenye figo dhaifu hujazana kwenye damu na kuathiri moyo na pumzi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa na kukaa bila kula anaweza kushukiwa na sukari. Mjamzito asijaribu kabisa.

Ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, hasa baada ya chakula cha mafuta, yakasambaa hadi mgongoni au bega la kulia, nenda kituo cha afya ukaombe ultrasound. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu bila kupimwa. Nenda hujala kwa saa sita hadi nane ili mfuko uwe umejaa. Utapakwa jeli ya baridi, utaambiwa uvute pumzi na ugeuke ubavu. Jiwe huonekana kama doa jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake, na mara nyingi husogea ukigeuka. Bei hutofautiana, ila kipimo hiki ni nafuu sana kuliko CT scan, na hospitali ya serikali kwa kawaida hutoza kidogo kuliko ya binafsi. Mwenye bima, iwe NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, aulize kwanza kama inalipia na kama anahitaji rufaa.

Yakionekana mawe nawe huna maumivu, kwa kawaida huachwa. Watu wengi huishi nayo bila shida. Yakiuma, tiba ya uhakika ni kuuondoa mfuko wote, kazi iliyoanza Berlin mwaka 1882 na ambayo leo hufanywa kwa matundu madogo katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta. Nyongo itatiririka moja kwa moja kwenye utumbo, na utakula kama kawaida, ingawa baadhi huharisha kwa muda mwanzoni. Vipo vidonge vya kuyeyusha mawe madogo ya kolesteroli, lakini huchukua miezi mingi, hata miaka miwili, na mawe huweza kurudi.

Maumivu yakidumu zaidi ya saa tano, ukipata homa na kutetemeka, macho yakawa ya manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.