Nilivyouza mkasi mzuri kwa maelezo mabaya: somo la kupogolea kahawa na la kuandika posti

Leo sina mbinu ya kupata wafuasi wengi. Nina kosa nililolifanya mwenyewe, likamgharimu mtu mwingine msimu mzima. Nalisimulia ili wewe unayeuza kitu mtandaoni usirudie.

Mimi nina duka dogo hapa Mbinga mjini. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikaanza na mtaji wa kuunga unga. Nauza jembe, panga, mipira ya maji, mbegu za mboga na mikasi ya kupogolea. Wateja wa karibu wanakuja dukani, wa mbali wananipata kwenye stetasi ya WhatsApp na ukurasa wangu. Mzigo naupakia kwenye gari la Litembo, au gari la kushuka Mbamba Bay kwa wateja wa ziwani.

Disemba mwaka juzi nilileta mikasi 30. Mtaji wote ulikuwa humo. Wiki mbili zikapita nimeuza minne tu. Nikaona tatizo ni posti zangu hazina video. Nikatafuta video ya mtu anayepogolea, nikakuta moja kali sana: jamaa ana mkasi kama wangu, anatoa majani makubwa kwenye mmea, mmea unabaki mwepesi, mwanga unapenya mpaka ndani. Alikuwa anaongea Kiingereza cha haraka, sikumsikiliza hata. Nikaipakua, nikaandika juu yake: "Mkulima wa kahawa, punguza majani, mwanga uingie, matunda yajae! Mkasi upo, oda sasa."

Mikasi ikauzika. Siku tatu, mikasi 11. Nikajiona nimeshajua biashara.

Siku ya nne mteja mmoja akanitumia ujumbe inboksi: "Dada, umeangalia huo mmea vizuri? Hiyo siyo kahawa. Hiyo ni bangi."

Nilirudi kuiangalia, jasho likanitoka. Majani yenye vidole, kweli tena. Bangi hapa kwetu hairuhusiwi kulimwa, hata mche mmoja nyuma ya nyumba. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mchezo na hilo. Na mimi nimeiweka kwenye ukurasa wenye jina la duka langu na namba yangu ya simu. Nikafuta haraka. Nikamshukuru yule mteja, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Video niliifuta, ila maneno yalishafika shambani.

Mwezi wa tatu akaja dukani mzee mmoja kutoka vijiji vya juu. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akakaa kwenye gunia, akatoa mkasi kwenye mfuko. Nikajua anataka kurudisha. Akasema, "Mwanangu, mkasi wako ni mzuri, unakata vizuri mno. Maneno yako ndiyo yameniumiza."

Kijana wake alimwonyesha posti yangu. Mzee ana mibuni kama 200, na yeye kwenye kahawa alikuwa mgeni: shamba alilirithi kwa kaka yake, miaka yote yeye alikuwa mtu wa mahindi na maharage kwenye ngoro. Akaamini. Mwezi wa kwanza akaanza na mibuni 60 iliyo karibu na nyumba, akatoa majani kama nilivyoandika. Matunda yalikuwa bado machanga. Kufikia mwezi wa tatu matawi yakaanza kukauka kuanzia nchani, matunda yakageuka njano na kuwa mepesi. Alikuwa anaitegemea kahawa hiyo kumlipia mjukuu shule.

Nilifunga duka, nikaenda naye mpaka shambani. Nilichokiona sitakisahau. Mstari wa mibuni yenye afya, halafu mstari uliobaki vijiti.

Tulimwita afisa ugani. Pale ndipo nilipojifunza kitu nilichopaswa kukijua kabla ya kuuza hata mkasi mmoja. Nakupa kwa lugha niliyoelewa mimi.

KWA NINI MAELEZO YANGU YALIKUWA SUMU

Bangi inaota, inatoa maua na kufa ndani ya msimu mmoja. Anayeilima anatoa majani ili mwanga ufike kwenye maua, basi, hana habari na mwakani. Mbuni unaishi miaka mingi, na kila mwaka unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unalea matunda ya mwaka huu na unakuza tawi litakalozaa mwakani.

Kahawa inazaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliopita, kwenye vifundo, pale jani linaposhikana na tawi. Kifundo kikishazaa, usitegemee kizae tena. Kwa hiyo bila tawi jipya, mwakani hakuna kitu.

Na chakula cha matunda kinatengenezwa kwenye majani. Ukiyatoa wakati matunda yako juu ya mti, matunda yanaendelea kudai chakula, mti hauna pa kukitoa, tawi linakauka. Mzee alipoteza mavuno ya mwaka ule na matawi ya kuzaa mwaka unaofuata. Posti moja, misimu miwili.

NAMNA YA KUPOGOLEA KAHAWA KAMA NDIO UNAANZA

1. Wakati. Pogolea ukishamaliza kuvuna, kabla mvua hazijaanza. Kwetu mvua ni msimu mmoja, unaanza karibu Novemba au Disemba mpaka Aprili au Mei. Mavuno yakiisha kwenye Septemba hivi, hapo ndipo pa kushika mkasi. Usisubiri maua.

2. Unakata matawi. Majani mazima yaache. Kama umeshika jani moja moja, simama, umekosea njia.

3. Anza na yasiyo na mjadala: yaliyokauka, yaliyovunjika, yenye ugonjwa. Hapo huwezi kujuta.

4. Kisha yanayogusa ardhi, yanayorudi ndani kuelekea shina, na yanayokwaruzana. Ukiona mawili yanagombania nafasi moja, bakiza lenye nguvu.

5. Kisha matawi marefu yaliyochoka, yenye majani nchani tu na katikati yako matupu. Hayo yameshazaa sehemu kubwa.

6. Machipukizi yanayotoka kwenye shina ng'oa kwa mkono yakiwa bado laini, mwaka mzima, usisubiri msimu. Bakiza tu kama unataka shina jipya.

7. Urefu. Mti usizidi mkono wa mchumaji. Ukipanda juu sana watu wataukunja, matawi yatavunjika.

8. Mkasi uwe mkali na msafi. Ukitoka kwenye mti wenye ugonjwa, usafishe kabla ya kugusa mwingine. Kata karibu na shina bila kuchana gome.

9. Rudi nyuma hatua tatu, angalia. Mwanga upenye, lakini mti bado uwe na majani ya kutosha. Ukiwa na shaka na tawi, liache. Lililobaki utalikata mwakani, lililokatwa hulirudishi.

Faida yake siyo mwanga tu. Mti wenye hewa unakauka haraka baada ya mvua, na dawa inafika ndani. Chulebuni na kutu ya majani, ile unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, zinapenda mti uliofungana wenye unyevu.

Mibuni ikiwa mizee kabisa, kuna kukata shina zima ili lichipue upya. Hiyo usijifunzie kwenye posti. Unasubiri zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna, kwa hiyo shamba linakatwa kwa mafungu, halikatwi lote kwa siku moja. Muite afisa ugani wa kata, au uliza kituo cha TaCRI cha Ugano, kiko hapahapa Mbinga.

SASA TURUDI KWENYE BIASHARA

Nilimrudishia mzee pesa ya mkasi. Alikataa mara ya kwanza, nikamlazimisha. Pesa ya mkasi haikufika hata robo ya hasara yake, na sikutaka kujidanganya kwamba tumelipana. Ile mibuni 60 aliyozoea kuona majirani wakiichuma siku nyingi, msimu ule aliimaliza kwa siku mbili. Mwezi wa kumi nilikwenda siku tatu, tukapogolea pamoja, mti kwa mti, afisa ugani akitusimamia. Mwaka huu matawi mapya yametoka. Mavuno ya kueleweka anayategemea msimu ujao.

Wale wateja wengine kumi niliwapigia simu mmoja mmoja. Wanane walikuwa hawajakata. Mmoja alianza na miti miwili. Mmoja alinitukana, nikamwambia ana haki.

Tangu hapo nina sheria tano za duka:

Kwanza, sipakui video ya mtu. Narekodi yangu kwa simu yangu, kwenye shamba la hapa, na mmea unaoitwa kwa jina lake.

Pili, sielezi matumizi ya kitu ambacho sijakitumia au sijamwona anayekijua akikitumia. Kama sijui, naandika: "Muulize afisa ugani wako." Haijawahi kunifukuzia mteja.

Tatu, namuuliza mteja kabla ya kupokea oda: unakata nini, mti una umri gani, uko wapi? Mteja wa Mbamba Bay mwenye miembe na mikorosho hawezi kupewa maelezo ya mteja wa Litembo mwenye kahawa.

Nne, posti ikiwa na kosa, kuifuta hakutoshi. Naweka posti nyingine nasema nilikosea wapi, na nawapigia walionunua. Daftari la oda lenye majina na namba ndilo lililoniokoa. Kama huandiki wateja wako, anza leo.

Tano, naposti kwa msimu. Mkasi wa kahawa nautangaza Agosti mpaka Oktoba. Disemba nauza vingine. Kumbe hata ile mikasi yangu 30 haikukwama kwa kukosa video. Niliileta wakati watu walishamaliza kukata.

Mzee bado ni mteja wangu. Kila akija ananiuliza, "Mwanangu, leo umeandika nini huko kwenye simu?" Namsomea. Asipoelewa, narudia kuandika kabla sijaposti.

Na wewe, bidhaa yako ya leo umewahi kuitumia mwenyewe? Pitia posti zako tatu za mwisho usiku wa leo. Ukikuta kuna maelezo uliyoyaokota tu, yarekebishe kabla mtu hajayafuata.