Mkia Umechanika? Tazama Shina Kabla ya Kutoa Pesa

Umeteremka Nakuru mjini kwa shughuli zako. Ukipita penye duka la samaki wa mapambo, macho yako yanatua kwa goldifishi mmoja mkubwa, mwekundu wa kung'aa. Tatizo ni mkia. Umechanika kama shuka iliyonaswa kwenye seng'enge. Muuzaji anakuambia, "Huyo atapona tu, nitakupunguzia." Umchukue hadi nyumbani Kabazi?

Mara nyingi, ndiyo. Pezi la samaki huota tena. Ila kuna pezi lililochanika na kuna pezi linalooza, na tofauti yake unaweza kuiona ukiwa bado umesimama mbele ya tangi.

Anza na shina, pale pezi linapoungana na mwili. Shina likiwa zima, hata pezi likibaki nusu, litarudi. Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa kutumia zebrafishi, samaki mdogo mwenye milia anayefugwa maabara. Akikatwa kipande cha mkia, kwenye maji ya nyuzi 28 hivi, mkia huota tena kwa wiki mbili au tatu, pamoja na vijiti vyake vyembamba na rangi yake. Akikatwa mpaka kwenye nyama, haurudi. Kwa hiyo samaki aliyeliwa hadi shinani mwache, hata ukipewa bure.

Kisha angalia ukingo wa kidonda. Pezi lililong'atwa na mwenzake au kunaswa na wavu huwa na ukingo safi, na rangi yake haijabadilika. Pezi linalooza lina ukingo mweupe kama maziwa, au wenye damu, au uliochakaa kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Ukiona nyuzi kama pamba, au michirizi myekundu ikielekea shinani, usinunue.

Sasa mwache huyo mmoja uwatazame wenzake. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea: wanaitazama bidhaa, hawalitazami tangi. Mmoja akiwa amechanika kati ya ishirini, amegombana na mwenzake. Wakiwa kumi, maji ni mabaya. Wengine wakiwa wamebana mapezi mwilini, wamejificha pembeni, au wanahemea juu kabisa, toka nje. Najua huruma itakushika. Lakini ukimnunua mgonjwa, nafasi yake itajazwa na mwingine ndani ya maji yale yale.

Muombe muuzaji atupe chakula kidogo. Samaki anayekimbilia chakula huku mkia ukining'inia ana nguvu ya kupona. Anayekiacha kipite mbele ya mdomo usipande naye matatu.

Uliza pia ameletwa lini. Kama ni jana, safari ingali mwilini. Lipa kidogo, umwambie muuzaji akuwekee, urudi baada ya wiki moja. Pezi likiwa limezidi kuharibika, umeokoa pesa zako zilizobaki.

Kuhusu aina: kwa Kabazi, goldifishi ndiye rahisi zaidi. Ikweta inapita hapo jirani, lakini sisi tunajua usiku wa Julai ulivyo baridi. Goldifishi hustahimili maji ya nyuzi 18 hadi 22 bila shida. Beta na gapi wanataka 24 hadi 27. Beta mwenye mkia uliochanika, ndani ya maji baridi, bila hita, hatapona. Kama huna hita, usimnunue. Na ujue kwamba goldifishi kwenye maji ya ubaridi huo hupona polepole kuliko yule wa maabara. Mpe mwezi, hata miwili.

Safari nayo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo nenda na ndoo yako ya lita 10 yenye mfuniko, safi, isiyowahi kushika sabuni wala dawa ya ng'ombe. Jaza maji ya dukani nusu tu, nusu nyingine ibaki hewa. Toboa mfuniko matundu madogo. Baada ya kile chakula cha kumjaribu, mwambie muuzaji asimlishe tena siku hiyo, ili asichafue maji njiani. Ndoo ikae miguuni pako, si kwenye buti.

Ukifika, usimmwage moja kwa moja kwenye tangi la wenzake. Mtengee beseni kubwa au karai la lita 20 au zaidi, kwa wiki tatu. Ongeza kikombe kimoja cha maji yako ndani ya ndoo kila baada ya dakika tano, kwa nusu saa. Halafu mchote kwa bakuli. Usitumie wavu; nyuzi zake zitamaliza pezi lililobaki.

Maji sasa, na hapa nataka utulie, kwa sababu maji ndiyo dawa yenyewe. Bakteria wanaoozesha mapezi wamo karibu katika kila tangi. Hupata nafasi samaki anapodhoofishwa na uchafu, hasa amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Maji ya visima vingi virefu vya Bonde la Ufa yana hali ya magadi, na kadiri maji yanavyokuwa ya magadi ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Kwa hiyo kama beseni lako halina filta, badilisha theluthi moja ya maji kila siku. Kila siku, bila kukosa. Ukiwa na filta iliyokwisha kuzoea kazi, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Maji ya mfereji yaache wazi kwenye ndoo kwa saa 24, klorini itoke. Ya mvua ni mazuri ila hayana madini. Yachanganye nusu kwa nusu na ya kisima, na usikinge yale ya mwanzo yanayosafisha mabati. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani. Yaweke ndani ya nyumba tangu jana yake.

Hewa pia. Nakuru mjini ni karibu mita 1,850 juu ya bahari, na kwa mwinuko huo maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto hilohilo kule Mombasa. Pampu ndogo ya hewa si anasa huku kwetu. Stima ikipotea, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kadhaa kila saa. Kama ni samaki wa maji ya joto, funika tangi kwa blanketi ubavuni, juu pabaki wazi.

Chumvi husaidia. Tumia chumvi ya kawaida ya jikoni, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita 5, iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Wiki moja inatosha. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu. Na tafadhali, kopo la magadi ya kupikia githeri lisikaribie beseni. Hayo si chumvi. Ni kweli kuna samaki wa Ziwa Magadi, yule mdogo aliyepandikizwa Ziwa Nakuru katika miaka ya 1950 na 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu, anayeishi kwenye maji ya magadi makali. Goldifishi wako si huyo.

Unga wa antibiotiki wa kuku kutoka agrovet uache dukani. Tetrasaiklini iliyomo hushikwa na madini ya maji magumu, ikapoteza nguvu, na unachobakiza ni bakteria sugu. Kama kuoza kunapanda kuelekea shinani licha ya maji safi, mpigie daktari wa mifugo kabla hujatia chochote.

Mlishe kidogo, mara mbili kwa siku, kiasi anachomaliza kwa dakika mbili. Njegere ya kijani iliyochemshwa na kumenywa inamfaa goldifishi.

Piga picha leo kwa simu, halafu moja kila Jumapili, upande uleule. Pezi jipya huanza kama utepe mwembamba usio na rangi, laini, unaopitisha mwanga. Watu huuona wakadhani ugonjwa umerudi, wakaanza kumwaga dawa. Utepe unaopitisha mwanga ni pezi linaloota. Weupe wa maziwa usiopitisha mwanga ndio wa kuogopa. Rangi hufuata baadaye, na wakati mwingine kijiti kimoja hukaa kombo maisha yote. Hilo halimzuii kuogelea.

Wiki tatu zikipita, anakula na ukingo umetulia, mwingize tangini, jioni, taa ikiwa imezimwa. Kaa naye dakika kumi uone kama kuna mwenzake anayemfuata mkiani. Akiwepo, mtoe huyo mkorofi umweke kwenye beseni.