Mkimbiaji Asiyependa Kukimbia: Sayansi ya Maandalizi ya Marathoni ya Hisani

Na achukuliwe mfano wa mwalimu mmoja wa sekondari, mwenye umri wa miaka 40 na uzito wa kilo 70, ambaye tangu atoke chuoni hajapata kukimbia ila siku ile alipokaribia kuachwa na basi. Walimu wenzake wanakubaliana kuchangisha fedha za matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo, na kabla kikao hakijamalizika jina lake limekwisha kuandikwa katika orodha ya watakaokimbia marathoni. Hakujitolea, aliona haya kukataa. Kadi ya ahadi inapitishwa: huyu ameahidi shilingi 500 kwa kila kilometa, yule 1,000. Imebaki miezi sita.

Mwalimu huyu ni wa kubuni, lakini hali yake ni ya watu wengi. Swali lililo mbele yake ni la kibiolojia: je, mwili usiozoea mbio waweza kutengenezwa katika miezi sita ukamudu kilometa 42 bila kudhurika? Jibu ni kwamba waweza, ikiwa kila sehemu ya mwili itapewa muda wake. Sehemu za mwili hazijifunzi kwa kasi moja: damu hubadilika kwa siku, misuli kwa majuma, mifupa kwa miezi. Ajali nyingi za mkimbiaji mgeni hutokana na kusahau tofauti hiyo.

Umbali na hisani

Umbali wa kilometa 42.195 ulitumika mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, ukafanywa kuwa umbali rasmi mwaka 1921. Katika jiji hilohilo, mwaka 1981, ilianzishwa marathoni ya kila mwaka ambayo watu wa kawaida hukimbia sambamba na mabingwa, na wengi wao hukimbia ili kuchangia hisani. Tangu wakati huo marathoni hiyo imekusanya zaidi ya pauni bilioni 1. Nchini Tanzania nako, katika miaka ya 2020, mbio za hisani zimechangia gharama za upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa hiyo moyo wa mtu mzima unaofunzwa barabarani waweza kuusaidia moyo wa mtoto ambaye mkimbiaji hamjui.

Damu na moyo: wanafunzi wepesi

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Tuseme moyo wa mwalimu hupiga mara 72 kwa dakika, na kila pigo husukuma mililita 70. Jumla ni 72 × 70, yaani mililita 5,040.

Katika juma la kwanza au la pili la mazoezi, sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazima, huanza kuongezeka. Damu irudiyo moyoni huwa nyingi zaidi, na moyo hujaa vizuri zaidi kabla ya kila pigo. Baada ya miezi kadhaa, kuta za moyo nazo zikiwa zimeimarika, pigo moja laweza kusukuma mililita 80. Hapo mapigo 63 yatatosha kwa kazi ileile, kwa kuwa 63 × 80 ni 5,040 vilevile. Mapigo 9 yaliyookolewa kila dakika ni karibu 13,000 kwa siku.

Ili kuyapata mabadiliko hayo, hapana haja ya kukimbia kwa kasi. Kipimo kilicho rahisi ni maneno: mkimbiaji aweze kutamka sentensi nzima pasipo kukatika pumzi. Akishindwa, apunguze mwendo au atembee. Mwalimu wa mfano wetu ataanza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa muda wa nusu saa, siku tatu kwa juma. Watoto wanaokwenda shule watampita na kumcheka. Na awaache wacheke. Mwenda pole hajikwai.

Misuli na akiba ya nishati

Kukimbia kilometa moja huhitaji takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mwalimu wa kilo 70, marathoni nzima itahitaji 70 × 42.195, yaani kama kilokalori 2,950.

Nishati hiyo hutoka hasa katika hazina mbili. Ya kwanza ni glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini. Mtu mzima huwa na kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hutoa kilokalori 4. Jumla ni kilokalori 1,600 hadi 2,000, ambazo peke yake hazitoshi kumfikisha mwisho. Hazina ya pili ni mafuta ya mwilini, ambayo kila kilo yake hutunza zaidi ya kilokalori 7,000. Hata mtu mwembamba anayo ya kutosha marathoni kadhaa. Ila mafuta hutoa nishati polepole, tena kwa kutumia oksijeni zaidi. Mkimbiaji aanzaye kwa kasi humaliza glikojeni mapema. Ndiyo sababu wengi wapitapo kilometa ya 30 huhisi miguu imegeuka mawe.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Uswidi, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akaendesha kwa mguu mmoja tu hadi ukachoka kabisa. Vipande vidogo vya misuli vilivyochukuliwa vilionyesha kwamba glikojeni imekwisha katika mguu uliofanya kazi, hali mguu uliopumzika hautofautiani na mwanzo. Kisha kwa siku tatu walikula chakula chenye wanga mwingi. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni karibu mara mbili ya ule mwingine. Hivyo msuli uliotumika hujifunza kuweka akiba kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata, 1967, John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alionyesha kwamba panya waliozoeshwa kukimbia walikuwa na vimeng'enya vya mitokondria kiasi cha mara mbili katika misuli yao. Mitokondria ndizo jiko la seli, na ndimo mafuta yanamochomwa kwa oksijeni. Msuli wenye majiko mengi hutumia mafuta zaidi katika mwendo uleule, na glikojeni huwahi kubakia kwa safari ya mwisho.

Mafunzo haya yana matumizi ya wazi. Mara moja kwa juma mwalimu atakwenda safari ndefu ya polepole, ikiongezwa kidogo kidogo hadi karibu kilometa 30, majuma matatu hivi kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo atapunguza mazoezi, na katika siku mbili tatu za mwisho ataongeza wanga mezani: ugali, wali, ndizi au viazi vitamu.

Joto, jasho na maji

Katika nishati yote itumikayo, kama asilimia 80 hugeuka joto. Asilimia 80 ya kilokalori 2,950 ni 2,360. Kuupandisha mwili wa kilo 70 nyuzi 1 ya sentigredi huhitaji kama kilokalori 58. Kwa hiyo, kama joto lisingepata njia ya kutoka, mwili ungepanda kiasi cha nyuzi 40 juu ya kawaida yake, jambo ambalo hakuna kiumbe wa namna yetu awezaye kulistahimili.

Mwokozi ni jasho. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoa kama kilokalori 580. Gawanya 2,360 kwa 580, nawe utapata lita 4. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani joto jingine huchukuliwa na upepo, na jasho lidondokalo chini halipoozi kitu. Mahali penye unyevu mwingi hewani, kama pwani, jasho hukawia kuwa mvuke. Hivyo mkimbiaji wa Tanga au Dar es Salaam afanye mazoezi alfajiri, na mwendo wake uwe wa pole zaidi.

Wengine, wakiogopa kukaukiwa, hunywa maji katika kila kituo wapende wasipende. Hapo ipo hatari nyingine. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu katika damu. Hali hiyo ilihusiana zaidi na kuongezeka uzito wakati wa mbio: walikuwa wamekunywa kuliko walivyopoteza. Maji yakizidi huizimua damu, seli za ubongo huvimba, na mtu aweza kupoteza fahamu hata kufa. Mkimbiaji mgeni achukuaye saa tano barabarani yumo hatarini kuliko bingwa, kwa kuwa anavipita vituo vilevile kwa muda mrefu zaidi huku akitoa jasho kidogo kwa saa. Kanuni iliyo salama ni kunywa kadiri ya kiu.

Mifupa na kano: wanafunzi wazito

Kila hatua ya mbio huutwisha mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mwalimu wetu ni kilo 140 hadi 210. Ikiwa hatua yake ni meta moja, marathoni ni hatua 42,000 na zaidi.

Mfupa ni tishu iliyo hai. Ukipata mzigo mpya, kwanza seli maalumu hula sehemu iliyochakaa kwa majuma kadhaa, kisha seli nyingine hujenga upya, kazi ambayo huchukua miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mfupa umekwisha kubomolewa na haujajengwa. Kipindi hicho hukutana na wakati uleule ambapo damu na moyo vimepata nguvu, na mkimbiaji mgeni, akijiona ameiva, huongeza kasi na umbali. Hapo mfupa wa muundi hupata nyufa, au kano ya kisigino huvimba.

Baadhi ya walimu wa michezo hufundisha kwamba umbali usiongezwe zaidi ya asilimia 10 kwa juma. Uchunguzi wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha wageni wa mbio waliofuata kanuni hiyo kwa majuma 13 na wengine waliofuata mpango wa kawaida wa majuma 8. Katika kila kundi, karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia. Asilimia 10, basi, si hirizi. Mkimbiaji aisikilize miguu yake: uchovu unaoondoka kwa usingizi ni wa kawaida, maumivu yanayokaa mahali pamoja na kuzidi kila siku ni amri ya kusimama.

Wanafunzi wa Tanzania wamesikia habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea, goti lake limefungwa bandeji. Ushujaa ule ni wa kuheshimiwa. Lakini Akhwari aliumia kwa kuanguka siku ya mashindano, baada ya kujitayarisha. Mgeni anayejilazimisha kukimbia juu ya mfupa wenye ufa hamwigi Akhwari. Anayatupa maandalizi yake.

Nia nayo hufunzwa

Vipi kuhusu mtu asiyependa kukimbia? Uchunguzi wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijizoesha tendo jipya kila siku. Kwa wastani tendo liligeuka mazoea baada ya siku 66, ingawa kwa wengine zilitosha siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Kuikosa siku moja hakukuharibu kazi. Basi mwalimu asingoje hamu. Na achague saa moja na njia moja, na kadi ya ahadi aitundike penye kuonekana. Haba na haba hujaza kibaba, katika miguu kama katika mfuko wa michango.

Anayefaidika kwanza

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 138 wenye afya waliojiandaa kwa marathoni ya London kwa mara ya kwanza, miaka ya 2016 na 2017. Walipimwa kabla ya kuanza mazoezi na tena baada ya mbio. Shinikizo la juu la damu lilishuka kwa milimita 4 za zebaki, na aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, ilirudisha ulaini wake kana kwamba imepunguziwa umri wa miaka minne. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye umri mkubwa na wale waliomaliza polepole.

Hata hivyo, watu hao hawakuwa wagonjwa. Hesabu nyingine, ya mwaka 2012, ilihusu washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010: 59 walisimama moyo, na 42 kati yao walikufa. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Aliyepata kuzirai au kuumwa kifua wakati wa kazi nzito, au mwenye shinikizo la damu, amwone daktari kabla ya hatua ya kwanza.

Mwalimu wetu huenda akafika wakati washindi wamekwisha kuoga na kula. Ahadi zitalipwa vilevile, kwa kuwa zilihesabiwa kwa kilometa, wala si kwa saa. Fedha hizo zitakwenda kwa mtoto anayengoja upasuaji. Faida ya kwanza, ile iliyopatikana alfajiri kwa alfajiri, tayari imo katika ateri za yule aliyeona haya kukataa.

Maswali ya mazoezi

1. Hesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika moja asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, kwa siku saba. Tafuta wastani. Kwa nini wastani ni bora kuliko kipimo cha siku moja?

2. Mkimbiaji ana uzito wa kilo 56. Kadiria nishati atakayotumia katika marathoni, kwa kilokalori na kwa kilojuli (kilokalori 1 ni kama kilojuli 4.2).

3. Kwa kutumia jibu la swali la 2, kadiria lita za jasho zinazohitajika kuondoa joto lote. Eleza kwa nini kiasi halisi chaweza kuwa tofauti Tanga na Mbeya.

4. Eleza kwa nini juma la nne la mazoezi laweza kuwa la hatari kuliko la kwanza.